Daktari Akikutajia "Ya Juu": Mwongozo Kamili wa Kukaa Mbele ya Mpasuaji wa Urembo

Wifi yangu wa Wete, Pemba, alikatika ndewe ya sikio la kushoto kwa herini nzito aliyoivaa harusini. Sikio la kulia nalo lilikuwa na shida yake: nyuma ya tundu paliota kovu, kwanza dogo kama punje ya choroko, baada ya miaka miwili likawa kama kungumanga. Alipanda boti kuja Unguja, nikamsindikiza hadi Dar es Salaam kwa mpasuaji, na hata dakika kumi hazijatimia kitini alikuwa ametandikiwa njia tatu: ya kawaida, ya kati, na ile daktari aliyoiita "ya juu". Wifi akanigeukia. Macho yake yalikuwa yakiuliza: nikichukua ya kawaida, nitaonekana sina uwezo?

Mimi ni nesi mstaafu. Vyumba vile nimevikaa miaka, mara nikishika trei, mara nikiwa mkalimani baina ya daktari mgeni na bibi wa shamba. Haya ninayaandika kwa yule atakayekaa kitini, ingawa daktari akiyasoma hatapata hasara. Ninaowajua mimi waliotoka visiwani kwa upasuaji wa urembo au wa kurekebisha wameishia Dar es Salaam, India au Uturuki. Mazungumzo hufanyika ugenini, mtu ana tiketi ya kurudi mkobani, na nyumbani wanampigia simu kuuliza vipi. Hapo ndipo watu hukubali haraka.

Kabla hujavuka bahari

Andika tatizo lako kwa maneno ya jikoni. Usiandike jina la upasuaji uliloliona kwenye simu. Mwanamke akiingia akasema "nataka kunyonywa mafuta", mazungumzo yote yatakuwa ya kunyonya mafuta, na ya juu atakayotajiwa itakuwa mashine ya juu ya kunyonyea mafuta. Lakini akisema "tangu mtoto wa nne tumbo limelegea, nikikaa linalala mapajani, na nikijiinua kitandani pananyanyuka kitu kama mgongo wa samaki katikati", daktari anajua hapo kuna ngozi iliyozidi na misuli iliyoachana. Kunyonya mafuta hakuondoi ngozi iliyozidi wala hakufungi misuli, mashine iwe ya bei gani. Hiyo ni kazi ya kukaza tumbo, upasuaji mkubwa zaidi, wenye kovu la kutoka nyonga hadi nyonga. Na kama bado una nia ya kuzaa, daktari muungwana atakwambia usubiri, maana mimba nyengine inaweza kuifungua kazi yote.

Andika na dawa zako zote: za presha, za sukari, aspirini, za uzazi wa mpango, na zile za mitishamba ambazo sisi hatuzihesabu kuwa dawa. Vidonge vya kitunguu saumu na mafuta ya habasoda ya kila asubuhi vitajwe, kwa sababu baadhi ya vitu hivi vinaweza kuzidisha kutoka damu. Kama kuna selimundu katika ukoo, sema. Sigara iachwe angalau wiki nne kabla, na isirudi mpaka kidonda kipone, kwa kuwa nikotini hubana mishipa midogo na ngozi iliyokatwa hukosa damu ikafa ukingoni. Shisha ni tumbaku, usijidanganye na harufu ya tofaa.

Kuna na jambo letu wenyewe: piko. Piko nyeusi kwenye kucha inaweza kukisumbua kile kifaa kinachobana kidole kusoma oksijeni wakati umelazwa usingizi. Kama unatoka harusini kuelekea chumba cha upasuaji, acha kucha mbili bila rangi. Nimewahi kumwona nesi akisugua kidole cha bi harusi kwa spiriti robo saa nzima, na piko haikubanduka.

Nani hasa yuko mbele yako

Hapa sitakaa sana, lakini usiparuke. Afya si jambo la Muungano, kwa hivyo Zanzibar ina baraza lake la madaktari na Tanzania Bara ina lake, ambalo hadi leo linaitwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Anayekupasua Dar es Salaam awe amesajiliwa huko, anayekupasua Unguja awe amesajiliwa huku. Uliza mambo mawili ana kwa ana: "Daktari, usajili wako ni wa ubingwa gani?" na "Wewe mwenyewe ndiye utakayenipasua, au mwengine?" Asiyependa kuulizwa hayo amekwisha kukujibu.

Saluni inayochoma sindano za midomo baina ya kusuka nywele na kupaka hina si mada ya mwongozo huu. Huko hakuna ya kawaida wala ya juu, kuna kuondoka tu.

Sikiliza mpangilio wa maneno

Nenda Darajani ukanunue kanga. Muuzaji mwerevu hakuonyeshi kwanza ile ya bei ya chini. Atakufunulia ya ghali kabisa, akusifie, akuache uishike. Akikupa ya pili utaiona rahisi, ingawa peke yake ingekushtua. Chumba cha daktari kina mchezo huo huo, na mara nyingi daktari haufanyi kwa hila. Amezoea tu, au karatasi ya bei ya spitali imepangwa hivyo.

Kwa hivyo zingatia kilichotangulia kutajwa. Daktari anayeyajua mazungumzo haya huanza na swali ambalo halina faida kwake: nini kitatokea usipofanya chochote? Ndewe iliyokatika haitakuua. Tumbo lililolegea vilevile. Kwa baadhi ya watu jibu linabadilika: matiti mazito yanayochubua ngozi kwa chini na kuumiza shingo na mabega, au kovu la moto linalovuta kiwiko kisinyooke, hayo si urembo tena, na hata bima inaweza kuyatazama kwa jicho jengine. Baada ya hapo ndipo ataje njia ndogo, kisha kubwa. Kama ameanzia juu, mrudishe taratibu: "Daktari, samahani, hebu nianzie nyuma. Nikiacha hivi hivi itakuwaje? Na ile ndogo kabisa inayoweza kunifaa ni ipi?"

Kisha lije swali ambalo nataka ulibebe hata ukisahau mengine yote. Kila ukisikia neno "bora", "ya kisasa", "ya juu", uliza: bora kwa nini, na kwa mwili wangu mimi? Majibu yataangukia mafungu matatu. Lipo linalobadilisha kitakachobaki mwilini mwako: kovu, umbo, hatari. Lipo linalomrahisishia daktari kazi, ambalo si baya, lakini si lazima wewe ulilipie. Na lipo linalobadilisha siku yako tu: chumba cha peke yako, chakula, gari la kukupeleka bandarini. Hilo la tatu ni halali yako ukitaka starehe, bora lisiitwe tiba.

Daktari mzuri huyatenganisha mwenyewe. Nilifanya kazi na mmoja aliyekuwa akichukua karatasi, anapiga mistari miwili, na kuandika kila kitu katika fungu lake huku mgonjwa akitazama. Wagonjwa wake walichagua ya juu mara chache kuliko wa wenzake, na waliochagua sikuwahi kumwona hata mmoja akirudi kulalamika.

Vichambue vinavyoitwa vya juu

Hapa ndipo penye kazi.

Tuanze na vipandikizi vya matiti, kwa kuwa ndivyo vyenye funzo kubwa la bei. Mwaka 2010 iligundulika kwamba kampuni ya Kifaransa, Poly Implant Prothèse, ilikuwa ikijaza vipandikizi vyake silikoni ya viwandani badala ya ile ya tiba. Watu walihitimisha kwa haraka: cha bei ya chini ni hatari, nunua cha juu. Lakini sikiliza ya pili. Kwa miaka mingi kipandikizi cha umbo la tone la maji kiliuzwa kuwa ndicho cha asili zaidi, na bei yake ilikuwa juu ya kile cha duara. Ili kisijigeuze ndani ya mwili hupewa gamba la kukwaruza, linaloshika kwenye nyama. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa katika soko la dunia vipandikizi vyake vya gamba la kukwaruza vya Biocell, baada ya mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani (FDA) kuona uhusiano baina ya gamba hilo na saratani adimu ya mfumo wa limfu. Ya juu ya jana ikawa ya kurudishwa. Kwa hivyo usiulize kipi ghali. Uliza gamba lake ni laini au la kukwaruza, kimetumika miaka mingapi, na kwa nini daktari anakiona kinakufaa wewe.

Uliza pia gharama ya miaka ijayo, maana hakuna kipandikizi cha maisha. Mamlaka hiyo ya Marekani inashauri mwenye silikoni afanyiwe altrasaundi au MRI baada ya miaka 5 hadi 6, kisha kila miaka 2 hadi 3, kwa sababu kikipasuka kinaweza kupasuka kimya. Hesabu hiyo isipotajwa mezani, bei uliyopewa ni nusu ya bei. Na "dhamana" inayosifiwa kwenye karatasi mara nyingi hulipa kifaa kipya bila kulipa chumba cha upasuaji, usingizi wala mkono wa daktari. Isome.

Kunyonya mafuta: utatajiwa leza, mawimbi ya sauti, mitikisiko. Mawimbi ya sauti yana kazi yake, hasa mahali pagumu kama mgongo au kifua cha mwanamme, penye nyuzi nyingi ndani ya mafuta. Lakini vyombo vinavyotoa joto vinaweza pia kuunguza. Katika macho yangu, tumbo linatengenezwa na mkono zaidi kuliko mashine. Kuliko kuuliza jina la mashine, uliza kiasi: "Utatoa lita ngapi?" Zikizidi 5 huhesabiwa ni kiasi kikubwa, na mtu wa kiasi hicho alale spitali akiangaliwa. Anayekuahidi lita nyingi na kurudi nyumbani jioni kwa bei nafuu, mwache.

Kuhamisha mafuta kwenda makalioni ndiko kunakonitia hofu kuliko yote. Mafuta yakichomwa ndani ya msuli yanaweza kuingia kwenye mshipa mkubwa na kwenda mpaka mapafuni, mtu akafa mezani. Mwaka 2018 vyama vya wapasuaji vilitoa onyo la pamoja: mafuta yasichomwe ndani ya msuli, yabaki juu yake, chini ya ngozi. Kutumia altrasaundi kuitazama ncha ya sindano wakati wa kuchoma ni ya juu ninayoweza kuitetea bila haya, kwa sababu inapunguza hatari yenyewe. Hapo lipa, au usifanye.

Leza kwa ngozi zetu. Rangi iliyomo katika ngozi nyeusi hula mwanga, kwa hivyo mashine isiyofaa huacha mabaka meusi au meupe, na hata vidonda vya moto. Leza ya mawimbi marefu, ile ya nanomita 1064, ndiyo inayozoeleka kuwa salama zaidi kwa weusi. Zile mashine za mwanga wa kumweka zinazosifiwa kwa watu weupe si zetu. Omba kwanza kujaribiwa mahali padogo pa siri, kisha usubiri wiki kadhaa kabla ya kuendelea. Daktari akikwambia hakuna haja, haja ipo.

Nyuzi na gundi za ngozi: tofauti ya bei ipo, tofauti ya kovu ni ndogo. Kovu hutegemea zaidi mvuto juu ya mshono, mahali ulipo, na asili ya ngozi yako. Hukomaa kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Anayekuuzia malhamu ya mwezi mmoja kwa bei ya mbuzi anakuuzia subira yako mwenyewe.

Ganzi na nusukaputi: hapa watu wetu hukosea pande zote mbili. Ndewe hushonwa kwa ganzi ya sindano, unazungumza, unacheka, unamaliza. Nilisikia mtu akiuziwa nusukaputi kwa kazi ya sikio kama starehe, "hutasikia kitu". Hiyo ni kuongeza hatari na kuiita zawadi. Kwa upande wa pili, kukaza tumbo kunataka mtaalamu wa usingizi aliyekaa kichwani pako mwanzo hadi mwisho, na hapo usitafute nafuu hata kidogo. Rahisi ghali. Muulize jina lake na umwone kabla ya siku. Uliza pia kama chumba kinafuata ile orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani iliyozinduliwa mwaka 2008, ambapo kabla ya kisu kugusa ngozi wote husimama wakataja jina la mgonjwa, upasuaji gani na upande gani. Orodha hiyo ni karatasi moja tu. Haina ya juu wala ya kawaida.

Mwisho kuna vifurushi: matiti, tumbo na mapaja siku moja, "unaokoa". Kweli unaokoa usingizi mmoja na nauli. Lakini muda wa kulala mezani ukirefuka, hatari ya damu kuganda miguuni nayo hupanda, na siku za mwanzo hutaweza hata kujiinua kwenda chooni bila watu wawili. Nyumbani kwako kuna watu wawili? Mtoto wa kunyonya atabebwa na nani? Hayo nayo ni maswali ya kitabibu.

Kilichotoka kwa mnyama gani

Sijawahi kuona daktari mgeni akilileta hili mwenyewe, na kwetu ni katika mambo ya kwanza. Baadhi ya vitu vya juu ni vya wanyama. Ipo ngozi iliyosafishwa seli zake zote, ikabaki kama kitambaa, inayotumiwa kushikia kipandikizi au kuimarisha ukuta wa tumbo. Nyengine hutokana na binadamu aliyefariki, nyengine na ng'ombe, nyengine na nguruwe. Sifongo ya kuzuia damu inaweza kuwa jelatini ya nguruwe. Uzi wa zamani unaoyeyuka mwilini ulitengenezwa kwa matumbo ya kondoo au ng'ombe, ila siku hizi upo wa viwandani usio na mnyama. Fila, yaani sindano ya kujazia midomo au mashavu, ya asidi ya haialuroniki siku hizi hutengenezwa zaidi kwa bakteria, lakini fila za kolajeni huweza kuwa za ng'ombe au nguruwe. Botoksi, sindano ya kulainisha mikunjo ya uso, ina protini ya damu ya binadamu ndani yake.

Uliza mapema, si asubuhi ya upasuaji: "Daktari, kila utakachokiacha mwilini mwangu kimetoka wapi? Kama ni nguruwe, kuna badala?" Mara nyingi badala ipo, na wakati mwengine hiyo badala ni rahisi zaidi. Kuhusu upasuaji wenyewe, wanazuoni wengi hutofautisha kurekebisha kasoro au madhara na kubadilisha umbo kwa kutaka uzuri tu. Mwulize sheikh wako ukiwa na maelezo kamili ya daktari mkononi, maana swali la nusu hupata fatwa ya nusu.

Bei, saini na muda

Omba bei iandikwe kwa vipande: mkono wa daktari, usingizi, chumba, kifaa, vipimo, dawa za kwenda nazo, mikutano ya kurudi. Kisha uliza lile lisilopendeza: ikitokea tatizo, nikirudishwa mezani, nani analipa? Wengine hulipisha chumba na usingizi tu, wengine kila kitu upya. Jibu lolote linaweza kuwa la haki mradi umelijua kabla. Bima kwa kawaida hailipi urembo, na yapo mazingira ambapo matatizo yanayotokana na urembo nayo hayalipwi.

Usisaini siku ya kwanza. Uingereza mwaka 2016 Baraza la Madaktari lilitoa mwongozo unaomtaka daktari mwenyewe, si karani, apate ridhaa ya mgonjwa wa urembo na ampe muda wa kufikiri. Chuo cha wapasuaji cha huko nacho kikashauri muda huo usipungue wiki mbili. Sisi tunaweza kujiwekea kanuni hiyo bila kungoja mtu. Punguzo linalokwisha Ijumaa ni la viatu. Mtu akikwambia "nafasi ni ya leo tu", mjibu kwa upole: "Basi nafasi hiyo si yangu."

Na pesa ya upatu, jamani. Nimewaona watu wakiomba zamu isogezwe mbele ili walipie ya juu, kisha mchango wa miezi inayofuata unawashinda na ugomvi unabaki mtaani. Bei inayohitaji zamu ya mwenzako si ya kujibiwa kitini.

Aibu, mkalimani, na watu wa nyumbani

Sisi ni watu wa kuitikia. Daktari akisema, tunajibu "ndiyo, daktari", na hiyo ndiyo ya heshima, haina maana kwamba tumefahamu. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija kwetu tangu mwaka 1964, na kila aliyewatafsiria anaijua ile ndiyo. Dawa yake ni kurudia: "Hebu nikwambie nilivyofahamu, unisahihishe." Ukisema kwa maneno yako kwamba kovu litakaa hapa, siku za kupumzika ni hizi, hatari ni hii na bei ni hii, daktari atagundua alipokuacha njiani. Kama anazungumza Kiingereza, mkalimani asiwe mtu wa mauzo wa spitali ileile.

Nenda na mmoja anayejua kunyamaza. Shangazi anayesema "chukua nzuri, usijidhalilishe" ni mtamu harusini, si chumbani humu. Mume aingie kama mwenye mwili anataka aingie, lakini saini ni ya mwenye mwili. Omba dakika tano za kubaki na daktari au nesi peke yako. Nimesikia mengi katika dakika tano hizo. Msichana mmoja aliniambia hakutaka chochote, mchumba ndiye aliyetaka. Daktari alimrudisha nyumbani kwa sababu ya "presha haijakaa sawa", na sikuona dhambi katika uongo ule.

Kukataa kuna adabu yake na hakuna haja ya kuomba radhi: "Ahsante daktari, nimeifahamu ya juu na faida yake. Mimi nitachukua ya kawaida. Kuna jambo lolote la usalama nitakalolikosa?" Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kama jibu ni hapana, umemaliza. Kama ni ndiyo, basi tangu mwanzo haikuwa ya juu, ilikuwa ya lazima, na ilitakiwa iwemo katika bei ya kawaida.

Kurudi kisiwani

Boti ya Dar es Salaam hadi Unguja ni mwendo wa saa mbili hivi, ya Pemba ni ndefu zaidi, na bahari ya kusi haina huruma na mshono wa tumbo. Baada ya upasuaji mkubwa panga kubaki karibu na daktari mpaka mirija ya kutolea majimaji ya kidonda itolewe na akuruhusu kwa maandishi. Kwa safari ya ndege ndefu kutoka India au Uturuki ndiyo zaidi, kwa hatari ya damu kuganda. Ukiruhusiwa, nyanyuka utembee, kunywa maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, hiyo si ya kungoja asubuhi. Jua kabla hujaondoka kwamba utakimbilia spitali gani, Mnazi Mmoja ya Unguja, au kwa Pemba Chake Chake au Abdalla Mzee ya Mkoani, na uwe na karatasi inayoeleza ulifanyiwa nini, kwa lugha ambayo daktari wa zamu ataisoma. Kadi ya kipandikizi yenye namba yake iwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Wifi yangu aliyafuata haya, si yote, ila mengi. Tulipouliza "bora kwa nini?", ya juu ikagawanyika mbele ya macho yetu: leza, ambayo kwa kovu lile haikuwa na nguvu kuliko sindano, nusukaputi, ambayo haikuhitajika, na chumba cha kulala usiku mmoja, kwa sikio. Tukauliza na la upande wa pili: ya kawaida ina upungufu gani? Daktari, na hapa nilimpenda, akasema ukweli. Keloidi, kovu linaloendelea kukua kama lile lake, ikikatwa tu na kushonwa, nusu au zaidi hurudi, na huweza kurudi kubwa kuliko ya mwanzo. Kinachoizuia ni sindano za steroidi kila wiki 4 hadi 6 kwa miezi, na herini ya kubana au karatasi ya silikoni inayovaliwa saa 12 au zaidi kwa siku. Hivyo vyote vilikuwa katika ya kati, na bei yake kubwa haikuwa ya vifaa. Ilikuwa nauli.

Basi tulikaa bandarini na kalamu, tukahesabu safari za Wete na Dar es Salaam, kwenda na kurudi, pamoja na kulala. Zilikula karibu kila kilichobaki. Daktari alikubali kumwandikia barua nesi wa Pemba ili baadhi ya sindano achomwe huko huko, na safari zikapungua hadi tatu. Ndewe ilishonwa siku ileile, dakika arubaini kwa ganzi. Herini ya kubana anaivaa chini ya mtandio, na wajukuu wameipa jina la kibanio cha nguo.